Serikali ya kijamaa iliyochaguliwa kwa kura: jeshi likiigeuka, ina pa kushika?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Nasoma mwaka wa pili chuoni, hapa Mwanza. Wiki iliyopita tulibishana darasani juu ya Chile na Rais Allende. Wenzangu wengi wanasema aliponzwa na kuamini kura na katiba, na kwamba angewagawia wafanyakazi bunduki asingepinduliwa. Mimi nikasema wangekufa wengi zaidi, basi. Nikashindwa kuendelea. Naomba unisaidie: serikali ya kijamaa iliyoingia kwa kura ina njia yoyote ya kusalimika kama jeshi haliitaki? Au mwisho wake ni huo huo siku zote?"

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi ni kwamba inaweza kusalimika, na zipo zilizosalimika. Jibu refu linataka tuache kidogo habari ya bunduki, kwa sababu mjadala wenu umeanzia pale ambapo mambo huwa yamekwisha kuharibika.

Tuanze na jeshi lenyewe. Tunasema "jeshi halikuitaka serikali" kana kwamba jeshi ni mtu mmoja mwenye roho moja. Asubuhi ya mapinduzi, maofisa wanaoichukia serikali kiasi cha kuhatarisha shingo zao huwa wachache, na walio tayari kuifia huwa wachache vilevile. Walio wengi wako katikati. Wana wake na watoto, wana pensheni inayokaribia, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho ajue anaelekea wapi. Hakuna anayetaka kujikuta peke yake upande ulioshindwa. Kwa hiyo wapanga mapinduzi hufanya kazi moja kubwa kuliko zote: kuwaaminisha wale wa katikati kwamba mambo yamekwisha amuliwa. Na serikali nayo ina kazi moja: kumhakikishia ofisa anayetii kwamba hayuko peke yake, na kwamba utii wake hautamponza.

Nimeisoma Chile kwa miaka mingi. Watu hukumbuka zaidi ndege zilizolipua ikulu ya La Moneda tarehe 11 Septemba 1973. Mimi kinachoniuma ni miaka mitatu iliyotangulia, jinsi askari watiifu walivyoondoka mmoja baada ya mwingine, wengine kwa risasi, wengine kwa fedheha, na jinsi serikali waliyoitii ilivyoshindwa kuwashika mkono.

Salvador Allende, daktari na mwanachama wa chama cha Kisoshalisti, alishinda tarehe 4 Septemba 1970 akiwa mgombea wa muungano wa Unidad Popular, yaani Umoja wa Umma. Alipata asilimia 36 hivi, akimzidi aliyemfuata kwa kura zisizofika 40,000. Kwa katiba yao, mgombea asipovuka nusu ya kura, Bunge ndilo huamua kati ya wawili wa kwanza. Wabunge wa chama cha Wakristo Demokrasia, waliokuwa na viti vya kuamua jambo hilo, walimuunga mkono kwa masharti. Mojawapo ya masharti hayo liliandikwa kwenye katiba: askari waingizwe jeshini kupitia vyuo vya jeshi lenyewe tu, na pasiwe na nguvu nyingine yenye silaha nje ya majeshi na polisi. Waambie wenzako hili kwanza kabisa. Allende aliingia ikulu akiwa ameahidi kwa maandishi kwamba hataunda jeshi la pembeni. Angelivunja, angewapa wabunge waliompitisha sababu halali ya kumng'oa.

Siku mbili kabla ya kura hiyo ya Bunge, mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali René Schneider, alivamiwa akiwa garini akielekea kazini jijini Santiago. Waliomvamia walitaka kumteka. Akachomoa bastola yake, wakampiga risasi, akafa siku tatu baadaye. Kosa lake lilikuwa kusema hadharani kwamba jeshi litamheshimu yeyote atakayepatikana kwa njia ya katiba. Nyuma ya njama hiyo alikuwepo jenerali mstaafu Roberto Viaux, na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa likiwasiliana na makundi ya wala njama na hata kulipatia kundi moja silaha. Rais Nixon alikwisha agiza mwezi mmoja nyuma kwamba Allende azuiwe, na uchumi wa Chile ubanwe mpaka upige mayowe.

Angalia kilichotokea baada ya risasi hizo. Maofisa wa katikati walikasirika. Mkubwa wao kauawa mtaani, na wauaji wanataka wao wapindue katiba aliyoifia! Njama ikavunjika, Bunge likampitisha Allende kwa kura 153 dhidi ya 35, na Jenerali Carlos Prats, mwenye msimamo uleule wa Schneider, akashika uongozi wa jeshi. Serikali ikapata mtaji wa heshima ndani ya kambi ambao haikuwa nao siku ya uchaguzi, na mtaji huo ungeweza kulelewa.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Julai 1971 Bunge lilipitisha kwa kauli moja kutaifishwa kwa migodi mikubwa ya shaba iliyokuwa mikononi mwa kampuni za Kimarekani, na wapinzani nao walinyoosha mikono. Kisha mikopo ya nje ikakatwa, bei ya shaba ikashuka, serikali ikachapisha fedha, bidhaa zikaanza kuadimika, foleni zikawa ndefu, walanguzi wakatajirika. Msaada wa Marekani kwa uchumi ulikauka, lakini msaada wake kwa jeshi la Chile uliendelea, pamoja na mafunzo ya maofisa. Hilo lilikuwa na maana yake. Ofisa aliyekwenda kozi alirudi akijua kwamba nje ya nchi yuko rafiki wa jeshi ambaye si rafiki wa rais wake.

Oktoba 1972 wenye malori waligoma. Chile ni nchi nyembamba yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000, lori likisimama mji haupati mkate. Allende akautuliza mgomo kwa kuwaingiza majenerali kwenye baraza la mawaziri, na Prats akawa waziri wa mambo ya ndani. Wakati huo wengi waliona ni hatua ya busara, na mgomo ulikwisha kweli. Mimi naihesabu kuwa kosa kubwa. Kazi ya kuamua ugomvi wa kisiasa ilikabidhiwa watu wenye sare, na tangu siku hiyo kila upande ukawa unalitazama jeshi kama hakimu. Prats naye alichafuka. Kabla ya hapo ofisa asiyependa ujamaa aliweza kumtii Prats kama mkuu wa jeshi. Sasa alionekana waziri wa Allende, na kumtii kukawa kama kuchagua chama.

Mwezi huohuo ilipitishwa sheria ya kudhibiti silaha, iliyowapa wanajeshi mamlaka ya kupekua popote kutafuta silaha zisizo halali. Allende aliitia saini. Katikati ya mwaka 1973 wanajeshi walikuwa wakiingia viwandani na kwenye ofisi za vyama vya wafanyakazi wakipekua, na huko Punta Arenas, kusini kabisa, mfanyakazi mmoja aliuawa kwenye upekuzi wa namna hiyo mwezi Agosti. Bunduki walizopata zilikuwa chache. Faida waliyoipata ilikuwa kubwa kuliko bunduki: vijana wa jeshi walizoea kumwelekezea mfanyakazi mtutu, na makamanda wakajua nani atafyatua na nani atasita.

Halafu ikaja tarehe 29 Juni 1973. Kikosi cha vifaru kilitoka kambini asubuhi na kuizunguka ikulu. Prats hakukaa ofisini kupiga simu. Alitembea kwa miguu mpaka kwenye vifaru, kimoja baada ya kingine, akiwa na bunduki ndogo mkononi, akawaamuru wajisalimishe. Wengi walitii. Kwa nini? Kwa sababu aliyesimama mbele yao ndiye mkuu wao halali, kwa sura na sauti wanayoijua, na vikosi vingine havikuwaunga mkono. Watu zaidi ya 20 walikufa siku hiyo, lakini kabla ya jua kutua jaribio lilikuwa limekwisha.

Mwanangu, jioni ile ndiyo ilikuwa nafasi. Kesho yake serikali ingeweza kuwastaafisha majenerali waliojulikana kuwa wanapanga, kwa mamlaka ya kikatiba ambayo rais alikuwa nayo, wakati wale wa katikati bado wanaona uasi umeshindwa. Wapangaji wenyewe walitumia jaribio lile kama mazoezi: waliona wapi wafanyakazi hukusanyika, viwanda gani vinajilinda, nani katika maofisa alisita. Serikali ikaingia kwenye mazungumzo na wapinzani, ikavutana ndani yake yenyewe, wiki zikapita. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mwishoni mwa Julai aliuawa kwa risasi Kapteni Arturo Araya, mpambe wa rais kutoka jeshi la wanamaji, kwenye roshani ya nyumba yake usiku. Ndiye aliyekuwa daraja la rais kwa wanamaji.

Jambo lililofuata halitajwi sana, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwanzoni mwa Agosti, mabaharia na maofisa wadogo wa jeshi la wanamaji huko Valparaíso na Talcahuano waligundua kwamba wakubwa wao wanaandaa mapinduzi. Wakafanya ambacho askari mwaminifu anapaswa kufanya: wakatafuta njia ya kuwatahadharisha viongozi wa kisiasa. Wakagunduliwa, wakakamatwa na jeshi lao wenyewe, wakateswa. Walishitakiwa kwa uasi, wao waliokuwa wakiuzuia uasi. Habari za mateso yao zilifika magazetini. Serikali, ikihofia kuwachokoza wanamaji, haikuwaokoa. Mashitaka yakaendelea mikononi mwa walewale waliokuwa wanatajwa kwenye njama, na jeshi la wanamaji likafikia kudai wakuu wa vyama vya kushoto waliokutana na mabaharia hao wavuliwe kinga zao za ubunge.

Hebu jiweke mahali pa koplo mmoja katika meli nyingine, mwezi huo wa Agosti. Unaipenda katiba. Umesikia mkubwa wako akisema usiku kwamba siku inakaribia. Unajua pia kwamba wenzako waliosema wako gerezani wakiwa na alama za umeme mwilini, na rais waliyemlinda yuko kimya. Utasema?

Ndani ya wiki tatu likaanguka lililobaki. Tarehe 21 Agosti wanawake mamia kadhaa, wakiwemo wake za majenerali, walikusanyika nje ya nyumba ya Prats na barua ya kumlalamikia, wakimzomea. Prats alikuwa mgonjwa nyumbani. Kesho yake aliwataka majenerali watie saini tamko la kumuunga mkono. Wachache tu walikubali. Siku hiyohiyo Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio, kura 81 kwa 47, kwamba serikali imevunja katiba, maneno ambayo wala njama walikuwa wakiyasubiri ili waseme wanaitetea sheria. Prats akajiuzulu tarehe 23, akampendekeza kwa nafasi yake jenerali aliyemwona mwaminifu, Augusto Pinochet. Pamoja naye waliondoka majenerali wawili, Mario Sepúlveda na Guillermo Pickering. Mmoja alikuwa kamanda wa vikosi vya Santiago, mwingine wa vyuo vya kijeshi. Yaani bunduki zote za maana za jiji kuu zilikuwa chini ya watu wawili watiifu, na wote wawili wakaacha ofisi kwa uchovu na heshima iliyojeruhiwa. Ukinitaka nitaje siku ambayo mapinduzi yalifaulu, nitakutajia siku hiyo.

Hata Pinochet mwenyewe, aliyekuja kuitawala Chile baada ya mapinduzi, alikuwa miongoni mwa waliosubiri. Admirali José Toribio Merino wa jeshi la wanamaji ndiye aliyesukuma. Jumapili tarehe 9 Septemba alituma karatasi kutoka Valparaíso iliyotaja siku na saa, ikapelekwa nyumbani kwa Pinochet ambako binti yake alikuwa anasherehekea siku ya kuzaliwa. Mkuu wa jeshi la anga, Gustavo Leigh, alikuwepo. Wakatia saini. Saa 48 kabla ya ndege kupaa, mkuu wa jeshi la nchi kavu ndipo alipoegemea upande. Na tarehe 11 yenyewe, kati ya wakuu wanne wa vyombo vya silaha, wawili hawakuwa kwenye njama: Admirali Raúl Montero, mkuu wa wanamaji, alikatiwa simu nyumbani na Merino akajitangaza mkuu mahali pake, na mkuu wa polisi wa Carabineros alikuwa ikulu na Allende wakati jenerali aliyekuwa chini yake anajitangaza mkuu redioni. Magari ya polisi yaliyokuwa yanailinda La Moneda yakageuza na kuondoka. Minara ya redio zilizounga mkono serikali ilipigwa mabomu, na saa tatu na dakika kadhaa asubuhi Allende aliwaaga wananchi kupitia Radio Magallanes, iliyobaki hewani. Siku zile alikuwa amekusudia kutangaza kura ya maoni ili wananchi waamue mgogoro. Majenerali walijua.

Sasa nirudi kwenye bunduki za wenzako. Hoja yao si ya kipuuzi, na mfano bora wanaoweza kukutolea si Chile, ni Hispania. Julai 1936 majenerali walipoasi dhidi ya serikali ya Muungano wa Umma, serikali ilifungua ghala na kuwapa wafanyakazi silaha, na uasi ukashindwa Madrid na Barcelona. Lakini wasome Barcelona kwa makini. Pale polisi wa doria na hata Guardia Civil, jeshi la polisi la zamani lisilokuwa na sifa ya mapenzi kwa wafanyakazi, lilisimama upande wa serikali. Mahali vyombo hivyo vilipojiunga na waasi, mara nyingi mji ulianguka hata kama wafanyakazi walikuwa wengi. Na kilichofuata ni vita vya karibu miaka mitatu, ambavyo serikali ilishindwa. Hispania hiyohiyo ina somo lingine. Kabla ya uasi, serikali ilimshuku Jenerali Franco ikamhamishia visiwa vya Canary, ikamshuku Jenerali Mola ikampeleka Pamplona. Iliwahamisha na vyeo vyao na vikosi vipya vya kuamuru. Mola akaendesha njama yote kutoka Pamplona.

Kwa Chile hesabu ilikuwa mbaya zaidi. Wafanyakazi wa viwanda vya Santiago waliokuwa na silaha walikuwa wachache, wengine walipigana siku ile mitaa ya La Legua na karibu na kiwanda cha nguo cha Sumar, na walipigana kwa ushujaa, lakini saa chache. Kuwapa bunduki zaidi bila mwaka mzima wa mafunzo kungewapeleka machinjioni. Ubaya mwingine ni kwamba maneno makali ya bunduki, yaliyotolewa majukwaani na baadhi ya viongozi wa kushoto wasiokuwa nazo, yalimfikia kila ofisa wa katikati. Yalimwambia kwamba kuna jeshi jingine linaandaliwa kuchukua mahali pake. Yalikuwa zawadi kwa Merino. Kwa hiyo katika ubishi wenu naona ulikuwa karibu zaidi na ukweli, ila ulikosa hatua ya pili: kuonyesha nini kingefanya kazi.

Tazama Venezuela, Aprili 2002. Maofisa wa juu walimkamata Rais Hugo Chávez, wakatangaza kwamba amejiuzulu, wakamwapisha mkuu wa chama cha waajiri, Pedro Carmona, aliyefuta Bunge na Mahakama Kuu siku ya kwanza. Njama yote ilisimama juu ya neno moja, "amejiuzulu", kwa kuwa kama rais kajiuzulu, ofisa hana wa kumwasi. Mwanasheria mkuu wa serikali, Isaías Rodríguez, akaenda mbele ya kamera, na akiwa moja kwa moja hewani akasema rais hakujiuzulu, kilichotokea ni mapinduzi. Waliyakata matangazo, lakini neno lilikwisha toka. Huko Maracay, Jenerali Raúl Isaías Baduel wa kikosi cha askari wa miavuli alikataa kuwatii. Mitaa ikajaa watu, walinzi wa ikulu wakairudisha ikulu, na alfajiri ya tarehe 14 Chávez alikuwa amerudi. Chávez alikuwa na kitu ambacho Allende hakuwa nacho: alitoka jeshini, alijua kwa majina nani yuko wapi. Lakini sikufichi gharama. Baada ya hapo uaminifu kwa rais ukawa ndio ngazi ya vyeo, majenerali wakapewa wizara, usimamizi wa chakula na hatimaye wa mafuta. Baduel aliyeiokoa katiba mwaka 2002 alipinga mabadiliko yake mwaka 2007, akafungwa, akafa kizuizini mwaka 2021. Serikali ikasalimika na jeshi, kisha ikawa ya jeshi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo na wa juzi. Tarehe 26 Juni 2024 Jenerali Juan José Zúñiga, aliyekuwa ametoka kuondolewa ukuu wa jeshi la Bolivia, aliingiza magari ya deraya katika uwanja wa Murillo mjini La Paz na gari moja likausukuma mlango wa ikulu ya zamani. Rais Luis Arce, mwanauchumi wa chama cha kijamaa cha MAS, alikutana naye pale mlangoni, uso kwa uso, kamera zikipiga picha, akamwamuru arudishe askari. Muda mfupi baadaye aliapisha wakuu wapya wa majeshi, na mkuu mpya wa jeshi la nchi kavu, José Wilson Sánchez, amri yake ya kwanza ilikuwa askari warudi kambini. Wakarudi. Ndani ya muda wa saa tatu hivi, imekwisha. Baada ya kukamatwa Zúñiga alidai rais ndiye aliyemtuma, serikali ikakanusha, na ubishi huo uliendelea, lakini mimi namtazama askari aliyekuwa ndani ya deraya. Alipata jibu la swali lake haraka: mkuu wako leo ni nani? Ikawa rahisi kutii kuliko kuasi. Tena wapinzani wa Arce, wa kulia na wa kushoto, saa zilezile walilaani kilichotokea. Linganisha na Bolivia hiyohiyo Novemba 2019, mkuu wa majeshi aliyeteuliwa na Rais Evo Morales mwenyewe, na aliyejulikana kwa kumsifu, alipomshauri hadharani ajiuzulu. Morales alikuwa amegombea baada ya kushindwa kura ya maoni ya 2016 kuhusu ukomo wa muhula, matokeo yalibishaniwa, polisi walikwisha asi siku mbili kabla. Uteuzi wa mtu anayekusifu haukumsaidia kitu, kwa sababu uhalali wake mtaani ulikuwa umechakaa.

Na kwetu? Wazee wetu wanakumbuka tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles walipoasi kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Kesho yake wa Tabora wakafuata. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita Waingereza, jambo lililomuuma na alilosema wazi kuwa ni aibu, na makomandoo wao wakatua tarehe 25. Kisha akafanya ambalo wachache wamewahi kufanya: alilivunja jeshi lote, akajenga jipya, Jeshi la Wananchi, lililoanzishwa 1 Septemba 1964 likiwa na vijana wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, na askari wakaruhusiwa kuwa wanachama wa chama. Wiki hiyohiyo ya Januari askari wa Uganda waliasi Jinja, wakapandishiwa mishahara, wengi wakabaki kazini. Mwaka 1971 jeshi hilo lilimpindua Obote. Lakini usiwaambie wenzako kwamba Allende angefanya kama Nyerere. Jeshi la Tanganyika lilikuwa na vikosi viwili, la Chile lilikuwa na zaidi ya karne moja ya historia yake. Na jeshi lililofungwa kwenye chama linafaa pale chama ni kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ilibidi askari watolewe kwenye siasa, kazi iliyohitaji uangalifu mkubwa.

Ukiniuliza basi mimi ningemshauri nini rais wa namna hiyo, ningeanza na mambo yasiyopendeza jukwaani. Siku ya kwanza, ajue kwa kila nafasi kubwa ya ukamanda ni nani atashika leo jioni kama aliyepo ataondolewa asubuhi. Anayethibitika kupanga uasi astaafishwe, asihamishwe. Asiwaite majenerali kumaliza mgomo. Redio yake iwe na mitambo zaidi ya mahali pamoja. Mishahara na nyumba za askari wa vyeo vya chini zisisubiri waasi wazidai. Kura ya maoni, kama ipo, aitishe akiwa bado na nguvu: Machi 1973 muungano wa Allende ulipata asilimia zipatazo 44 za kura za Bunge katikati ya foleni na uhaba, na wakati huo bado Prats alikuwa na jeshi mkononi. Na koplo atakayekuja usiku kusema amesikia nini, alindwe kuliko waziri.

Prats na mkewe waliuawa kwa bomu la garini Buenos Aires, Septemba 1974. Jenerali Alberto Bachelet wa jeshi la anga, aliyekuwa ameendesha ofisi ya ugawaji chakula chini ya Allende, alikamatwa, akateswa na wenzake, akafa gerezani Machi 1974. Wenzake wa jeshi la anga walihukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa usaliti, kosa lao likiwa kubaki na serikali halali. Demokrasia ilirudi Chile mwaka 1990, na hukumu hizo zikaendelea kusimama. Ilibidi wachache waliokuwa bado hai waende mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, iliyowapa haki mwaka 2015. Oktoba 2016 Mahakama ya Juu ya Chile ikazifuta, miaka 43 baada ya asubuhi ile ya Septemba.